Matundu ya Hortensia

Mguu mmoja wa chujio lile umevunjika,
na rangi yake imebanduka ukingoni
kama ukucha uliopigwa nyundo.
Hortensia alilinunua mwaka wa harusi
kwa pesa ya zabibu, kaskazini mwa Chile,
bondeni ambako mvua ni habari ya kusimuliwa.

Usidhani nyumba ile kila chombo kina kazi moja.
Koleo la kugeuzia nyama huchuma matunda ya mpungate
yenye miiba isiyosamehe.
Kikatio cha mayai kina nyuzi kumi za waya;
Ismenia, mjukuu, hukidonoa kwa ukucha,
kikalia: sauti tatu za kweli, saba za kubahatisha.
Kipondeo cha viazi ndicho kilichogongomea
kibao cha kaburi la mbwa nyuma ya zizi.
Na upawa?
Upawa ulipima dawa ya punda mwaka wa homa,
kisha ukarudi kwenye supu,
hakuna aliyeuliza.

Ila chujio lilibaki chujio.
Tambi, maji, mvuke. Basi.

Eleuterio, mumewe, alipindwa na mgodi.
Miaka ishirini na sita aliinama chini ya mwamba
hata mwamba ukamhamia shingoni.
Anavijua viatu vya watu kuliko nyuso zao;
atakuita kwa jina huku akitazama kamba zako.
Na jua, jua alilijua kwa mgongo.

Ilipotangazwa kuwa litapatwa,
wageni walifurika na mahema na mabomba ya kuchungulia mbingu.
Miwani ya karatasi ikapanda bei mara tatu kutwa.
Nicanor wa dukani akaapa imekwisha,
na miwili ikimchungulia mfukoni mwa shati.
“Kulitazama kwa macho matupu ni mwiko,” mwalimu akaonya.
“Miiko ninayo minne,” akajibu Hortensia,
“imo mtungini, na haijanizuia lolote.”
Eleuterio akaomba redio.

Saa tisa unusu tambi zikaiva.
Mwanga ukawa mwembamba, wa rangi ya bati,
na mbuzi
(wa malishoni, si wa kukunia;
huko nazi huonekana dukani, imevaa lebo)
wakageuza kurudi zizini, wakidhani siku imekwisha.
Hortensia akatoka mbio kuwazuia,
chujio mkononi, tambi moja ikining’inia.

Akasimama.
Vumbini, mbele ya viatu vya mumewe,
zikaanguka hilali.
Kila tundu na jua lake,
kila jua limemegwa ubavu uleule,
safu kwa safu, kama magamba ya samaki
asiyeonekana mwili.

“Usisogee,” akasema Eleuterio.
Miaka mingi hakuwa amemwamuru kitu.
“Inua kidogo. Zaidi. Hapo.”
Yakakua, yakafifia.
Mkono wake ukatetemeka, yakatetemeka yote.
Yakawa vipande vya kucha. Yakawa nyuzi.
Kisha vumbi tupu.

Kilimani watu wakapiga ukelele.
Hortensia akatazama juu, Ismenia akatazama juu,
hata Nicanor, miwani mikononi.
Yeye alitazama pale anapotazama siku zote,
akingoja.

Yaliporudi yalikuwa yamegeukia upande wa pili.
Akayahesabu kwa ncha ya fimbo.
“Mia na thelathini na nane. Hapa pana pengo.”
Hortensia akachungulia, akachomoa kipini nywelini,
akazibua kipande cha tambi.
“Na tisa,” akasema mumewe.

Tambi sufuriani zilikuwa zimeshikana, bonge moja.
Walizikata kwa kisu, wakala.

Tangu hapo chujio halikauki jikoni.
Akilisikia likisuuzwa, huita:
“Lipitishe huku kwanza.”
Naye mkewe hutoka, mikono ikimchuruzika,
akalishika juu ya viatu vile
hadi maji ya chai yachemke yakamwagike.
“Leo ni mazima tu,” humwambia. “Mviringo, hayana jipya.”
“Yaache,” husema. “Bado sijayamaliza.”